Maswali ya Wasomaji: Nchi Ikipata Dharura, Ushike Redio au Simu?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Umeme ukikatika siku nyingi, chombo kikizama, upepo mkali ukitangazwa au intaneti ikipotea, mtu asikilize wapi na amwamini nani? Maswali tumeyafupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo ufupi ungemponza msomaji.

*Nakumbuka giza la mwaka 2009. Safari hii nataka nijiandae mapema. Mume wangu anasema simu yenye redio inatosha, mimi nataka redio yenyewe. Nani mkweli, na betri ninunue ngapi?*
Mama wa watoto wanne, Mtoni

Mama, mkweli ni wewe. Waya wa umeme wa baharini uliwahi kuiacha Unguja gizani mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Mei hadi Juni 2008, karibu mwezi mzima. Ya pili ilianza Desemba 2009, ikaisha Machi 2010. Kwa muda kama huo simu inataka kuchajiwa kila siku, na redio inataka betri mara moja kwa wiki kadhaa.

Nunua redio ndogo yenye FM na AM. Kwenye baadhi ya redio AM huandikwa MW. FM husikika safi lakini mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga, kwa hiyo kituo cha karibu kikizimika unabaki na mkwaruzo. AM sauti yake si nzuri, ila hufika mbali, na usiku hufika mbali zaidi. Redio ya FM peke yake ni nusu ya redio.

Sasa betri. Redio ndogo ya betri mbili nyembamba za AA, ikisikilizwa kwa sauti ya chini, hula kiasi cha miliampea 50. Betri za alkalini hubeba miliampea-saa 2,000 na ushei, yaani saa 40 hivi. Zile za bei rahisi, za kaboni na zinki, mara nyingi hukupa saa 12 hadi 15 tu. Ukipandisha sauti mpaka jirani asikie, gawa saa hizo kwa mbili au tatu. Ukisikiliza taarifa ya habari peke yake, nusu saa asubuhi, nusu saa mchana na nusu saa usiku, jozi moja ya alkalini itakaribia wiki nne. Jozi tatu ni akiba nzuri kwa nyumba yako.

Linaloharibu redio nyingi ni kuchanganya betri kuukuu na mpya. Iliyochoka huisha kwanza, mwenzake huendelea kuisukuma, nayo huvuja. Tukifungua redio za namna hiyo tunakuta unga mweupe umeganda kwenye springi na bati limeanza kuliwa. Usiitupe. Toa betri, chovya ncha ya kitambaa kwenye siki au maji ya ndimu, sugua taratibu, kausha kwa kitambaa kingine, kisha ivute springi kidogo ili ibane tena. Na redio isiyotumika itolewe betri, maana hewa yetu ya chumvi hailali.

Tusimdharau baba watoto lakini. Ajaribu redio ya simu yake leo. Kwa kawaida haifunguki mpaka uchomeke waya wa masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena, na simu nyingi mpya hazina tundu la waya wala redio ya FM ndani yake. Programu ya redio inayotumia bando ni kitu kingine kabisa, na intaneti ikipotea nayo inapotea.

Pawabenki iliyoandikwa miliampea-saa (mAh) 10,000 haitoi 10,000. Hesabu hiyo imefanywa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, na simu huchajiwa kwa volti 5. Ukiondoa na joto linalopotea njiani, unabaki na 6,000 au zaidi kidogo. Simu ya 5,000 itajaa mara moja, na ya pili haitafika nusu.

*Kila likitokea jambo kubwa simu hazipiti kabisa, lakini meseji ya kawaida inafika, hata ikichelewa. Wanafunzi wangu wananiuliza sababu.*
Mwalimu, Micheweni

Mwalimu, waambie mnara wa simu ni kama gati lenye nafasi chache. Anayezungumza hufunga chombo chake gatini tangu haloo mpaka kwaheri. Nafasi zikijaa, ajaye hurudishwa. Meseji ni ngalawa inayotupa barua na kuondoka. Mpokeaji asipopatikana, barua huwekwa kituoni na mitambo hujaribu tena yenyewe. Ndiyo maana inachelewa na inafika.

Kubonyeza namba ile ile kila baada ya sekunde mbili hakukusaidii. Kila jaribio linaongeza foleni kwenye mnara, na huenda aliye nyuma yako anaita gari la wagonjwa. Subiri dakika moja au mbili kati ya jaribio na jaribio, au andika.

Ukiandika, meseji moja ina nafasi ya herufi 160. Ukitia emoji moja tu, nafasi inashuka hadi 70 na meseji hukatwa vipande. Kipande kimoja kikichelewa, maneno hayaeleweki. Andika namna hii: "Salama. Niko skuli Micheweni na watoto wote 3. Tunalala hapa. Betri 40. Nitaandika saa 2 usiku. Usipige." Aliyepokea ameshajua uko wapi, uko na nani, utafanya nini na lini akusubiri. Hana sababu ya kupiga.

Tena waandike mapema. Mnara ukikosa umeme huishi kwa betri zake saa chache, baadaye jenereta, na jenereta nayo ina mwisho wa mafuta. Meseji iliyotumwa saa ya kwanza ina bahati kuliko ya saa ya sita.

Kurasa za intaneti nazo hujaa vivyo hivyo. Tarehe 11 Septemba 2001, Marekani iliposhambuliwa, tovuti za habari zilielemewa, CNN ikapunguza ukurasa wake mpaka ukabaki mwepesi, na Google wenyewe wakaweka tangazo kwamba anayetaka habari za karibuni atazipata kwenye televisheni na redio. Wamarekani wengi mno siku ile waliishi kwenye televisheni, hata wale waliokuwa na intaneti nyumbani. Sababu ni ya mitambo. Redio ikisikilizwa na watu kumi au laki kumi, mtambo unafanya kazi ile ile. Tovuti humhudumia kila mtu peke yake, na kila anayeongezeka ni mzigo mpya.

*Kwenye kikundi chetu ililetwa video ya bahari iliyokauka mpaka mwambani, na sauti inasema tsunami inakuja. Kina mama waliacha mwani wakakimbia. Mtu atajuaje ukweli?*
Mkulima wa mwani, Jambiani

Dada yetu, nyinyi wa ukanda wa mashariki ndio mnaoweza kuijibu video ile kuliko mtaalamu yeyote wa mjini, kwa sababu mnayajua maji. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku moja mbili baada yake, hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Pwani yenu ni tambarare, kwa hiyo mita hizo nne za kwenda juu zinakuwa kilomita nzima ya mchanga mtupu. Bamvu za Machi, Aprili, Septemba na Oktoba huwa kubwa zaidi. Anayepiga video Jambiani saa nne asubuhi ya bamvu atapata bahari iliyokauka kila mara.

Basi uliza kwanza video ni ya saa ngapi na mwezi wa angani ulikuwa na siku ngapi. Kisha tazama maji yenyewe. Kupwa kwa kawaida huchukua saa sita, na vigingi vya mwani huonekana kimoja kimoja. Tsunami ikivuta maji, huyavuta kwa dakika. Samaki hubaki wakirukaruka kwenye nyasi za bahari, vyombo vilivyokuwa vinaelea hulala ubavu ghafla, na jambo hilo hutokea nje ya saa yake. Maji yakikimbia hivyo, au ardhi ikitikisika kwa nguvu, au ukisikia ngurumo ya ajabu kutoka baharini, usingoje redio, usingoje sheha, usipige video. Watu waelekee bara ya kisiwa, kiasi cha kilomita tatu kutoka ufukweni, au mahali palipoinuka mita thelathini. Upande wenu vilima ni vichache, kwa hiyo hesabuni kilomita, na mkae huko saa kadhaa. Wimbi la kwanza huwa si kubwa kuliko yote.

Tsunami ya mbali ni kazi ya redio. Tetemeko la Sumatra la 26 Desemba 2004 lilitokea alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yalihitaji zaidi ya saa saba kufika Afrika Mashariki. Muda huo ulitosha kumtoa kila mtu ufukweni. Kenya walioiona habari kwenye vyombo vya nje waliwaondoa watu fukwe za Mombasa, na akafa mtu mmoja. Tanzania walipotea watu kiasi cha kumi. Bahari ilikuwa ile ile na wimbi lile lile. Tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari kwa Bahari ya Hindi yote, na kwetu taarifa hizo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Video isiyotaja tetemeko lilitokea wapi na saa ngapi haina la kukuambia.

*Ndugu yangu husafiri kati ya Malindi ya Unguja na Wete kila mwezi. Mungu apishe mbali, ikisikika chombo kimepata ajali, sisi wa nyumbani tuanzie wapi?*
Msomaji, Wete

Anzieni kabla ya safari. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama baada ya kuondoka Unguja kwenda Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Kwenye ajali ya Spice Islander chombo kilikuwa kimebeba watu wengi kupita kiasi, na orodha ya abiria haikulingana na waliokuwemo. Familia zilibaki zikiulizana kama mtu wao alipanda au hakupanda. Hilo swali moja liliumiza watu kwa siku nyingi.

Basi iwe desturi ya nyumba yenu. Abiria akishakaa ndani ya chombo, kabla hakijang'oa nanga, atume meseji moja yenye jina la chombo, saa ya kuondoka, namba ya tiketi na anakaa wapi, kwa mfano "chini, upande wa kushoto, karibu na mlango wa nyuma". Akibadilisha chombo dakika ya mwisho, atume nyingine. Asingoje kufika katikati, maana kati ya Nungwi na Pemba mtandao huja na kupotea. Na jina analoandikisha kwenye tiketi liwe lile lile la kitambulisho. Wengi wetu tuna jina la nyumbani na la skuli, na karani anaandika lolote analoambiwa.

Ikisikika ajali, gawaneni kazi. Mmoja akae na redio na kuandika kwenye karatasi anachosikia, pamoja na saa. Mwingine aende mwenyewe kwenye kituo kitakachotangazwa, awe na picha ya uso, jina kamili, umri, nguo alizovaa, na alama yoyote ya mwili. Mwaka 2011 ndugu walielekezwa viwanja vya Maisara, na aliyekwenda na maelezo yaliyoandikwa alijibiwa mapema kuliko aliyekwenda na kilio peke yake. Kilio kina haki yake, lakini andikeni kwanza. Wa tatu awajibu jamaa wote, ili simu za hao wawili zibaki wazi.

Usimpigie msafiri mfululizo. Kama simu yake inafanya kazi, betri yake ndiyo taa yake na ndiyo sauti yake kwa waokoaji wa KMKM, kikosi cha baharini cha Zanzibar. Mtumie meseji moja: "Tumesikia. Tunakutafuta. Jibu ukiweza."

Na picha za maiti, ndugu msomaji, zisitumwe. Mtu asijue kifo cha mama yake kwa kufungua kikundi cha harusi. Ukiletewa, futa. Ikiwa unadhani itasaidia kumtambua marehemu, ipeleke kwa mkono kwa wanaosimamia utambuzi, na kwao tu.

*Kamati ya maafa ya shehia yetu hutumia kipaza sauti cha msikiti. Watu wanalalamika kuwa hawaelewi tangazo. Tunakosea wapi?*
Katibu wa kamati, Kojani

Mara nyingi kosa ni urefu na mpangilio. Msemaji huanza kwa salamu ndefu, akashukuru viongozi, akafika kwenye hatari upepo umeshachukua nusu ya maneno. Zamani mpiga mbiu alijua kazi yake: pembe kwanza, watu wanyamaze, ndipo neno. Fanyeni vivyo hivyo. Gonga kipaza mara tatu, nyamaza sekunde tano, halafu sema kwa mpangilio huu: hatari gani, wapi, lini, mfanye nini, nani kasema, na tangazo lijalo ni saa ngapi. Nusu dakika inatosha. Rudia neno kwa neno, usibadilishe hata moja, kwa sababu aliyekosa mwanzo atauunganisha na mwisho wa mara ya pili.

Mfano: "Upepo mkali. Kojani na bahari yote ya mashariki ya Pemba. Kuanzia leo magharibi mpaka kesho adhuhuri. Vyombo vyote vipandishwe, asiende mtu kuvua. Imesema Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tutatangaza tena baada ya Isha."

Tumieni ngazi za TMA kama zilivyo. Angalizo ni rangi ya njano, Tahadhari ni ya machungwa, Tahadhari Kubwa ni nyekundu. Mkiita angalizo "hatari kubwa" mara mbili, ya tatu hamtasikilizwa. Na hatari ikiisha, tangazeni kuwa imeisha. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikapoteza nguvu, TMA walitangaza hivyo bayana, na wavuvi na wasafiri wakajua tena pa kuanzia. Shehia nyingi hutangaza mwanzo na kusahau mwisho.

*Mimi ni msimamizi wa kikundi cha WhatsApp cha watu 400. Likitokea jambo, picha zinamiminika. Nitazichujaje, na sheria inanibana vipi?*
Msomaji, Chake Chake

Kwanza funga mlango. Kwenye mipangilio ya kikundi, chagua wasimamizi peke yao ndio watume, kwa saa za mwanzo. Watu 400 wakinyamaza kwa muda hakuna atakayekufa, wakisema wote wanaweza kumkimbiza mtu barabarani gizani.

Picha yenye mishale miwili imeshapita mikono mingi. WhatsApp imeiwekea mpaka wa kutumwa kwa mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja tangu Aprili 2020, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo ndio uliobeba uongo mwingi wa korona. Mishale hiyo haithibitishi kuwa ni uongo. Inathibitisha kuwa aliyekutumia hakuipiga yeye. Muulize: umeiona kwa macho yako? Nani kakupa? Wengi wataishia hapo hapo.

Kisha ikuze picha utazame vitu vidogo. Namba za magari ya Zanzibar huanza na Z, za Bara huanza na T. Picha inayosemwa ni ya Bububu huku magari yote yana T, ni ya kwingine. Tazama mabango yameandikwa lugha gani, sare za wanafunzi, aina ya daladala, kivuli kimeangukia wapi ukilinganisha na saa inayodaiwa. Iingize kwenye Google Lens uone kama iliwahi kuchapishwa miaka ya nyuma. Usitegemee taarifa za ndani ya picha zinazoonyesha saa na mahali, kwa kuwa WhatsApp huziondoa inapotuma picha kwa njia ya kawaida.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inatumika Bara na Zanzibar, kinamlenga anayechapisha habari akijua ni ya uongo na akikusudia kupotosha. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo kama umeshajua ni uongo, usiiache ikae. Msimamizi anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Ufute na uandike sababu kwa mstari mmoja, kwa mfano "Picha ni ya zamani, si ya hapa". Ukifuta kimya kimya watasema unaficha.

*Intaneti ikipotea ghafla nitajuaje kama ni simu yangu, ni mnara au imezimwa nchi nzima?*
Kijana, Fuoni

Pima hatua kwa hatua. Angalia salio la bando, maana mara nyingi ndilo. Kisha piga simu ya kawaida. Isipopita na alama za mtandao hazipo, tatizo ni mnara au umeme wa eneo lenu. Ikipita, muulize jirani mwenye laini ya kampuni nyingine. Wa kwake ukifanya kazi, kampuni yako ndiyo yenye hitilafu. Wote mkikosa data na simu zinapita, jaribu kufungua ukurasa mwepesi. Ukifunguka na mtandao wa kijamii ukakataa, uliozuiwa au ulioharibika ni ule mtandao peke yake. Usipofunguka wowote, ni waya mkubwa wa baharini umekatika au ni amri ya kuzima.

Waya ukikatika kwa kawaida kasi hushuka kwa wote bila kufa kabisa, na kampuni hutangaza. Ndivyo ilivyokuwa 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika. Kuzimwa huwa kama kisu. Data ilipotea nchini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ikarejea 3 Novemba. Siku kama hizo VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, haina msaada, kwani hupita ndani ya data, na data haipo. Tena TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inataka VPN zisajiliwe.

Kinachobaki ni redio, meseji, simu ya kawaida na huduma za kubonyeza nyota na reli. Pesa za simu za nyota na reli hazihitaji bando, lakini wakala anaweza kuishiwa fedha taslimu, kwa hiyo weka ndani pesa ya siku tatu ya unga, mafuta na dawa. Namba kumi muhimu ziandike kwenye karatasi, pamoja na 112 ya polisi. Wengi wetu hatujui hata namba ya mke au mume kwa kichwa.

*Redio ya hapa inasema hivi, ya nje inasema vile. Nimwamini nani?*
Mzee, Mkoani

Mzee wetu, wewe umeishi kuona kwamba redio ni ya kwanza kugombewa. Asubuhi ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, kituo cha Raha Leo kilikuwa miongoni mwa vilivyotekwa mwanzo, na watu wa Unguja walisikia nchi imebadilika kupitia kisanduku cha redio. Kila mwenye redio ana anachokiona na asichokiona. Sikiliza ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, au redio jamii yenu ya Mkoani kwa mambo ambayo wao ndio wa kwanza kuyajua: boti zimesimama au hazikusimama, skuli zimefungwa, maji yanapatikana wapi, hospitali ipi inapokea. Idhaa za nje, kama BBC na DW, sikiliza kwa yale ambayo ya hapa hayasemwi au husemwa nusu. Jambo likisemwa na wawili wasiotegemeana, lishike. Likisemwa na mmoja, liweke pembeni mpaka taarifa ijayo.

Na tuwaambie wazi wenzetu wa vituo vya utangazaji. Kituo kinachoendelea kupiga muziki wakati nchi inalia kinawasukuma wasikilizaji wake kwenye uvumi. Mwaka 2020 takwimu za korona za taifa zilikoma kwenye wagonjwa 509 na hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka. Hakuna aliyeacha kuuliza mwaka ule. Waliacha kuiuliza redio. Kusema "tumepokea habari, tunaithibitisha, tutarudi saa tano kamili" kunachukua sekunde kumi, na kunamweka msikilizaji pale alipo, mradi saa tano mrudi kweli.

*Niko Muscat, wazazi wako Wete. Jambo likitokea nyumbani nataka nisikie kila kitu mara moja.*
Msomaji, Oman

Sikiliza redio za nyumbani kwa intaneti. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula MB 29 kwa saa, ya 128 hula mara mbili yake. Simu za wazazi wako usizielemee hivyo. Usiwapigie kwa video, kwa kuwa dakika moja inaweza kumaliza MB 5 au zaidi na betri yao pamoja. Mkubaliane tangu leo: mtu mmoja wa nyumbani ndiye atakayekuandikia, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na wewe ndiye utakayewajulisha jamaa wa Dubai na London. Kati ya saa hizo azime data au aweke simu kwenye hali ya ndege, hasa mtandao ukiwa dhaifu, maana simu inayoutafuta mnara wa mbali huongeza nguvu na kumaliza chaji haraka. Saa mbili ikipita bila neno, subiri nusu saa, kisha utume meseji ya kawaida kwa jirani ambaye namba yake umeshaichukua.